Gobore la kwanza kwa mtu wa Arusha au Moshi: gumegume, fataki, au shotigani ya kawaida?

Ukitaka kununua gobore, ile bunduki inayojaziwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, acha kwanza kuliangalia gobore lenyewe. Uliza habari ya baruti. Utaipata wapi, kwa kibali cha nani, na ukishaipata utaihifadhi wapi ndani ya nyumba yenye watoto na jiko la gesi? Watu wanaweza kubishana jioni nzima juu ya urefu wa mtutu na uzuri wa kitako, na hakuna hata mmoja aliyegusa maswali hayo. Mwenye majibu yake anaweza kuchagua gobore lolote kati ya nitakayoyataja hapa. Asiye nayo, hata akipewa bure, kapewa chuma cha kutundika ukutani.

Wanaoulizia mambo haya huku kwetu ni wa namna mbili. Yupo mwenye shamba, tuseme Kahe au kule Kisongo, aliyeulizia shotigani dukani akashtuka bei, kisha mtu akamnong'oneza kwamba gobore ni rahisi. Na yupo mpenda vitu vya kale. Huyu pengine amefanya kazi na kampuni za uwindaji mjini Arusha, amewaona wageni na bunduki zao, na sasa anataka yake ya moshi mzito, ya kupigia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani au, akipata kibali, kanga na kwale. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia zaidi. Mkulima nitamjibu mapema ili aokoe muda wake.

Sheria kwanza, kwa kifupi

Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 iliyaweka magobore mengi nje ya kundi la silaha za moto, ndiyo maana kule mtu huagiza moja na kuletewa mlangoni. Ukitazama video zao ukadhani na huku mambo ni hayo, utaishia mahabusu. Kwa Tanzania gobore ni silaha kama bastola ilivyo silaha, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijali kama linajaziwa mbele au nyuma. Safari yako inaanzia serikali ya mtaa au kijiji, inapita polisi wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, na kibali kinatangulia bunduki. Usilipe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujakishika mkononi.

Leseni ya silaha nayo haikupi ruhusa ya kuwinda. Hiyo inatoka upande wa wanyamapori, chini ya sheria ya mwaka 2009, na kibali chake kinataja mnyama, idadi na eneo. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au kwa afisa wanyamapori wa wilaya ukaulize mapema silaha ya aina gani inakubalika kwa ndege unaowataka. Jiandae pia kwa macho ya afisa. Kwenye vituo vyetu gobore limeandikwa zaidi katika mafaili ya ujangili kuliko ya michezo. Ukifika na karatasi za kiwanda, namba ya silaha na maelezo yanayoeleweka ya matumizi, mazungumzo yanabadilika.

Gobore au shotigani ya kukunja

Chukua shotigani ya mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati na kupachikwa risasi kwa nyuma, mfano zile za Baikal kutoka Izhevsk. Kila kazi ya shambani ambayo gobore lingefanya, hiyo inafanya, na upesi. Unakunja, unapachika, unafunga. Gobore kwa mtu aliyezoea huchukua karibu dakika nzima kulijaza; mgeni atahitaji zaidi, tena mikono ikitetemeka kidogo. Rasharasha za Julai pale Ngaramtoni haziisumbui risasi ya ganda la plastiki. Baruti nyeusi, ile ya kujazia gobore, ikipata unyevu huwaka kwa uvivu au haiwaki kabisa.

Kuhusu bei, waliokwambia gobore ni rahisi walikuwa wanazungumzia lile la fundi wa kijijini, na hilo tutalifikia. Gobore jipya la mitutu miwili kutoka Italia linauzwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani kabla ya usafiri na kodi. Shotigani nyingi za mtutu mmoja ni nafuu kuliko hapo.

Halafu lipo suala la chakula cha bunduki. Kanuni za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kubeba risasi zilizokamilika kwenye mzigo wa chini, hadi kilo 5, kwa idhini ya shirika la ndege na za nchi anakotoka na anakokwenda. Baruti nyeusi na fataki, vile vikofia vya kuiwashia, haziruhusiwi kabisa, mkobani wala begi la chini. Baruti nyeusi imeainishwa kama kilipuzi cha daraja 1.1D, kundi moja na vitu vinavyolipuka kwa pamoja mara moja. Kwa hiyo shemeji yako anayetua KIA kutoka Ulaya hawezi kukuletea kopo la baruti hata akipenda, na akijaribu, mtaonana kituoni. Baruti ya gobore ni mzigo wa meli na lori, wenye vibali vya vilipuzi, kupitia muuzaji mwenye leseni. Ukimuuliza muuzaji akakujibu kwa kigugumizi, umeshapata jibu.

Na kwa kuwa tuko karibu na Simanjiro, hili lazima lisemwe: baruti ya migodi ya Mirerani haifai kwa bunduki. Vilipuzi vya mgodini vimetengenezwa kupasua mwamba. Baruti nyeusi inaungua haraka na kusukuma. Vya mgodini vinapasuka, na mtutu hauwezi kuvihimili. Vivyo hivyo kwa vichwa vya viberiti, na vivyo hivyo kwa baruti iliyomwagwa kutoka kwenye risasi ya kisasa iliyochanwa kwa kisu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza hata watu wenye akili zao, maana inaonekana kama njia ya mkato yenye mantiki. Baruti isiyo na moshi, ambayo Paul Vieille aliitengeneza Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu kubwa kwa ujazo mdogo na inapandisha shinikizo ambalo gobore halikujengewa. Mtu akijaza kipimo chake cha kila siku, mtutu unafunguka pale pale mkono wa kushoto ulipo.

Kwa hiyo, mkulima wa Kahe, nunua shotigani. Na kabla hujaielekeza kwa nyani au nguruwe wa shambani, zungumza na afisa wanyamapori. Wengine tuendelee.

La fundi, la urithi, au la kiwandani

Magobore yalipanda huku Kilimanjaro na misafara ya kutoka Pangani, enzi za Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho. Sababu mojawapo ya kudumu kwake Afrika ilikuwa makaratasi ya Ulaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la bara hili, lakini ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Wakubwa walijua walichokuwa wakikifanya: Mwafrika abaki na bunduki ya kizamani. Mafundi wa vijijini walijifunza kuzikarabati, baadaye kuziunda upya, na utundu huo haujafa.

Utundu ni wa kuheshimiwa, bidhaa yake usiinunue. Kuunda silaha bila leseni ni kosa, kuimiliki ni kosa, na hata sheria ingelala usingizi, mtutu wa fundi mara nyingi ni bomba la maji, lenye mshono kwa urefu wake wote. Mshono huo haujapimwa na mtu yeyote isipokuwa mnunuzi, siku anapofyatua shavu likiwa kwenye kitako.

La urithi ni gumu zaidi kwa sababu lina hisia. Babu aliliacha darini Machame, wajomba wanasema ni lako. Silaha ya marehemu hairithiwi kama kihamba, shamba la ukoo. Inapelekwa polisi kwanza, na anayetaka kuimiliki anaomba leseni kwa jina lake. Ikiwa haikuwahi kuwa na leseni, tumia fursa ya kuisalimisha kwa hiari pale polisi wanapoitangaza, wala usiizungushe kutoka nyumba hii kwenda ile. Tuseme karatasi zimekamilika na ni bunduki halisi ya Uingereza ya karne ya 19: mitutu yake huenda ni ya damaski, yaani vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kufuliwa pamoja hadi vikaonyesha mawimbi. Inapendeza macho. Kutu inaweza kuwa imejichimbia ndani ya misokoto hiyo mahali usipopaona, kwa hiyo isipigwe kabla ya fundi bunduki mwenye leseni kuifungua, kuipima unene wa kuta na kutazama alama za majaribio. Na kabla ya yote hayo, ingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, hadi chini uone kama haijajazwa. Gobore linaweza kukaa miaka na mzigo tumboni, na bado likafyatuka.

La kiwandani linakuja na alama hizo tayari. Nchini Italia, kila mtutu unaotoka kwa watengenezaji wa bonde la Gardone Val Trompia, akiwemo Pedersoli aliyeanza mwaka 1957, hupigwa kwanza kwenye nyumba ya majaribio kwa shehena, yaani mjazo wa baruti na risasi, nzito kuliko ya kawaida. Ukisalimika hugongwa muhuri, na kwenye magobore utaona herufi PN, maana yake baruti nyeusi tu. Uingereza kuna nyumba za namna hiyo London na Birmingham, ile ya Birmingham ikiwa imeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Muhuri huo ndio unaonunua. Nakshi za ubavuni ni nyongeza.

Gumegume au fataki

Hapa ndipo penye uchaguzi halisi, na ndipo lile swali la baruti linaporudi na kuamua.

Gumegume ni jiwe lililobanwa kwenye taya za nyundo. Ukifyatua, jiwe linakwangua kipande cha feleji, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kibakuli cha nje, huo moto unapenya tundu la ubavuni na kuwasha baruti kuu ndani. Mambo manne yanafuatana, kila moja likichukua kasehemu kake ka sekunde. Kanga anayeruka hakusubiri. Mpigaji wa gumegume lazima ajifunze kuendelea kumfuata ndege kwa mtutu baada ya kuvuta kifyatulio, na wengi husimamisha mkono pale wanapouona mwako mbele ya jicho. Huo mwako ndio uliomkera Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa kule Belhelvie, Uskoti, aliyekuwa mpenzi wa kuwinda ndege: ndege walikuwa wakiuona wanajirusha kabla marisau, yaani vigoroli vya risasi, hayajafika. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, na katika miaka michache iliyofuata wazo lake likazaa fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachovishwa juu ya chuchu ya bunduki.

Fataki ni ya haraka, inastahimili ukungu na manyunyu, na haimrushii jirani moto. Gumegume hutema mwali kupitia lile tundu, upande wa kulia, kwa hiyo hakuna mtu wa kusimama mkono huo. Kwa anayetumia shoto hali ni mbaya zaidi, maana kibakuli kinakuwa mbele ya uso wake. Miwani ya kinga ni lazima kwa zote mbili, kwa gumegume ni lazima mara mbili.

Mpaka hapo fataki imeshinda. Sasa tazama ugavi. Jiwe la gumegume halihitaji kibali. Unaagiza dazeni linakuja kwenye bahasha, ukingo ukichoka unaunoa kwa kuumegua. Fataki, kwa magobore mengi saizi namba 11, ni kilipuzi kidogo, haibebeki na abiria wa ndege, na zikikwisha gobore lako linakaa kimya hadi mzigo mwingine uje. Ukiishia hapo utasema basi gumegume. Subiri. Gumegume linadai baruti nyeusi halisi, tena kwenye kibakuli linapenda ya punje ndogo kabisa. Zile baruti mbadala kama Pyrodex, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1976, zinahitaji joto kubwa zaidi ili ziwake, na cheche za jiwe haziziwashi kwa uhakika. Fataki inaziwasha vizuri.

Kwa hiyo mwenye njia ya kuaminika ya baruti nyeusi halisi lakini fataki zinamtatiza, gumegume linamfaa, ilimradi avumilie msimu mzima wa kukosa. Mwenye muuzaji anayeweza kumletea mbadala pamoja na fataki, achukue la fataki bila kujiuliza. Mwenye vyote viwili, kwa bunduki ya kwanza, achukue la fataki pia. Gumegume linafundisha utulivu, sikatai, ila linaufundisha kwa mtu ambaye tayari anajua kujaza na kusafisha. Kuanza na vyote kwa pamoja ni kujitafutia sababu ya kuacha.

Mtutu mmoja au miwili

Karibu kila mtu anataka mitutu miwili, kwa sababu ndiyo inayopendeza na ndiyo inayompa nafasi ya pili kwa kwale wa nyuma. Mimi kwa wa kwanza nampa mmoja.

Sababu ni jinsi makosa yanavyotokea. Umepiga mtutu wa kulia, wa kushoto bado una mzigo. Unataka kujaza wa kulia. Ukisahau kuondoa fataki ya kushoto, umeinamisha mkono na uso juu ya bunduki hai. Hiyo moja. Ya pili, msukumo wa ule mlio wa kwanza unaweza kuulegeza mzigo wa mtutu wa pili ukasogea mbele, na mzigo ulioacha nafasi kati yake na baruti ni kizuizi. Ukifyatua, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kila baada ya kupiga mmoja, mdeki unapaswa kuingia kwenye mwingine kuhakikisha mzigo umekaa. Ya tatu ndiyo ya kawaida kuliko zote: mtu anazungumza na mwenzake, anajaza ule ule mtutu mara mbili. Wazee wa mchezo huu wana mbinu rahisi, kuuacha mdeki ndani ya mtutu ambao haupaswi kuguswa wakati wa kujaza mwingine. Inafanya kazi kwa anayekumbuka kuifanya.

Mtutu mmoja unakuondolea yote hayo isipokuwa kujaza mara mbili, na hilo linatibika kwa alama kwenye mdeki. Ingiza mdeki bunduki ikiwa tupu, chora mstari usawa wa mdomo wa mtutu. Jaza shehena yako ya kawaida, chora wa pili. Kuanzia siku hiyo mdeki unakwambia ukweli: tupu, imejaa, au kuna kitu hakiko sawa. Fanya hivyo hata kwa mitutu miwili, kama umekataa ushauri wangu.

Lipo la uzito pia. Mtutu mmoja ni mwepesi, mzuri kutembea nao nyika za kuelekea Longido, ila wepesi huo unalipwa begani. Baruti nyeusi inasukuma taratibu kuliko kupiga teke, lakini bunduki ya kilo mbili na nusu ukiipa shehena kubwa utaikumbuka usiku.

Saizi 12 au 20

Hapa nisikuchoshe. Namba hizo zinatokana na idadi ya goroli za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zinazotimiza ratili moja. Ndiyo maana 20 ni nyembamba kuliko 12. Saizi 12 ina kipenyo cha kama milimita 18.5, 20 ni kama 15.6. Kwa kanga na visahani chukua 12, kwa sababu vizibo na vifaa vyake ndivyo vinavyopatikana kwa wingi. Saizi 20 inakula baruti kidogo zaidi, jambo la maana kwa mtu anayeihesabu kwa gramu, na inafaa kwa mwenye mwili mdogo. Saizi 10 waachie wenye bata wa Ulaya.

Kuhusu marisau: tumia ya madini ya risasi, yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Goroli za baiskeli na vipande vya nondo vinaukwaruza mtutu na kuruka hovyo. Gobore la kawaida halina mbano mdomoni, hivyo marisau yanatawanyika mapema. Umbali wake wa heshima ni mita 25, ukizidi sana 30. Anayekusimulia kanga wa mita 60 anakusimulia bahati, au kanga aliyejeruhiwa na kwenda kufia kichakani.

Baruti nyeusi halisi au mbadala

Halisi inawaka kirahisi na inafanya kazi kwenye kila gobore. Uchungu wake ni uhifadhi, kwa sababu cheche moja au joto la msuguano vinaitosha. Mbadala ni salama kidogo kusafirisha na kuhifadhi, ila Pyrodex ni nyepesi kuliko halisi, kwa hiyo hupimwa kwa ujazo wa kipimo kilekile cha baruti nyeusi, kamwe si kwa uzito sawa kwenye mizani. Anayepima gramu kwa gramu anajaza kupita kiasi bila kujua. Na usiamini wanaosema mbadala haili chuma. Inakula, tena kwa bidii.

Punje za baruti halisi huandikwa kwa herufi F: kadiri F zinavyoongezeka ndivyo punje zinavyokuwa ndogo na kuwaka upesi. Kwa saizi 12, F mbili.

Weka kidogo, kwenye kopo lake la asili, ndani ya kabati la mbao linalofungwa, mbali na jiko, mbali na fataki. Usiihamishie kwenye chombo kizito cha chuma kilichobanwa. Hapo umetengeneza bomu kwa mikono yako.

Siku ya kwanza uwanjani

Futa mafuta yote ndani ya mtutu, kisha vaa fataki bila baruti yoyote, elekeza mdomo wa mtutu kwenye jani kavu chini, fyatua. Jani likiruka, njia iko wazi. Lisiporuka, mafuta yameziba chuchu, na ungejaza ungepata mlio wa fataki peke yake na mzigo uliokwama ndani.

Kisha baruti, daima kwa kipimo kidogo cha mkononi. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye pembe au kopo, maana kijinga kilichobaki chini kikiwasha, kitawasha kile kidogo cha kipimo na si kopo zima mkononi mwako. Kwa saizi 12, gramu 4.5 hadi 5 za baruti nyeusi kwa gramu 28 hadi 32 za marisau ni shehena ya kistaarabu. Fuata kijitabu cha kiwanda, na anzia chini. Utaona kwamba kipimo kilekile kinachopima baruti hiyo kikijazwa marisau kinakupa karibu uzito unaotakiwa. Ujazo sawa kwa ujazo sawa, hiyo kanuni imewatosha watu kwa vizazi.

Juu ya baruti weka kizibo kigumu cha kadi nene, ushindilie hadi usikie kimekaa, halafu kizibo laini cha nyuzi kilicholowanishwa kidogo, marisau, na mwisho kadi nyembamba ya kuyazuia. Mdeki ushike kwa ncha za vidole, usiusukume kwa kiganja, na uso wako usiwe juu ya mdomo wa mtutu. Kadi unaweza kujikatia mwenyewe kwa chuma cha kutobolea ngozi. Mafundi viatu wa soko la Kilombero, Arusha, wanacho au wanajua nani anacho. Ila chunga karatasi. Vizibo vikavu hutoka vikiwa na moto, na nyasi za Septemba nje ya Himo hazihitaji kubembelezwa. Nenda na ndoo ya maji.

Fataki huwekwa mwisho kabisa, ukiwa umesimama kwenye mstari, mtutu ukielekea kwenye shabaha. Isipolia, au ikilia fataki tupu, kaa hivyo hivyo umeelekeza mbele dakika nzima kabla hujafanya lolote, kwa sababu baruti inaweza kuchelewa. Na usipulize ndani ya mtutu kwa mdomo kama waigizaji.

Piga kwenye gazeti lililobandikwa mita 25 kabla hujafikiria ndege. Ukiona marisau yameacha tundu katikati na kusambaa pembeni, punguza baruti. Wengi huongeza, kwa kudhani nguvu ndiyo inayokosekana. Baada ya milio michache mdeki utaanza kuwa mzito kushuka. Hayo ni masizi. Pitisha kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu, uendelee.

Usafi ndio unaoamua kama utadumu na gobore. Shotigani unaweza kuifuta kesho. Masizi ya baruti nyeusi yananyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa ya Moshi wakati wa masika, kutu inaanza kabla hujalala. Siku hiyo hiyo: ng'oa mtutu kutoka kwenye kitako, tumbukiza upande wa nyuma kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, vuta na kusukuma kitambaa kwa mdeki ili maji yapite kwenye chuchu, suuza, kausha kabisa, paka mafuta. Fungua chuchu, isafishe, ipake grisi kidogo kwenye nyuzi zake. Asubuhi pitisha kitambaa kingine cheupe. Kikitoka na rangi ya chungwa, chemsha maji tena.